Siha ya Mtu na Ada ya Bima

Mtu wa Kibaha aketipo mbele ya wakala wa bima ya maisha, awe ni wa Shirika la Bima la Taifa lililoundwa mwaka 1963 au wa kampuni nyingine, huulizwa umri wake, kazi yake, maradhi ya wazazi wake, na kama anavuta tumbaku. Na aghalabu ni majibu hayo yanayoamua ada atakayotozwa hadi mkataba uishe. Wako wanung'unikao kwamba hiyo ni dhuluma. Mimi siioni dhuluma hapo, kwa kuwa fedha ya fidia hutoka katika mfuko mmoja wa watu wengi, na si insafu asiyevuta amlipie avutaye pakiti nzima kila siku.

Kinitiacho simanzi ni kingine. Mkulima wa mihogo wa Kisarawe, atembeaye kwa miguu tangu alfajiri na asiyejua pombe wala sigara, ana kila sababu ya kutozwa ada nafuu, lakini kwa kuwa mkono wake haujapata kufungwa kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, huandika "sina maradhi" kwa kukisia tu. Ama ajuaye maradhi yake akayaficha, huyo hatari yake ni kubwa zaidi, kwani kampuni yaweza kulikataa dai, na hapo atakayehojiwa ni mjane.

Basi, msomaji, kabla hujatia sahihi, pita kwanza Hospitali ya Tumbi au zahanati iliyo jirani, upimwe shinikizo na sukari, kisha uijaze ile fomu kama ulivyo, hata kama ada itapanda.