Nani Anapoteza Mwanafunzi Asipopata Kazi?



Mwezi uliopita kijana mmoja wa parokia tunakokwenda kwa utume kila mwisho wa wiki alituletea mkataba wa kurasa nane. Shule moja ya mtandaoni inataka kumfundisha kuandika programu za kompyuta, na ada asilipe hata senti mpaka apate kazi. Alituuliza swali moja tu: "Mafrateri, nisaini au nisisaini?"

Sisi ni wanafunzi wa Falsafa, si wanasheria, na kompyuta zenyewe hapa seminarini tunazigombania. Lakini kumwambia kijana "tutakuombea" kisha kumrudishia karatasi zake tuliona ni uvivu. Tukakubaliana kwanza tuisome historia ya shule iliyoupa mtindo huo umaarufu mkubwa huko Marekani, nayo ni Lambda School.

Shule za namna hii Wamarekani huziita kambi, kwa kuazima jina la mafunzo ya askari wapya. Dev Bootcamp ya San Francisco, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa, ilianza mwaka 2012, ikanunuliwa na kampuni ya Kaplan mwaka 2014, ikafungwa mwishoni mwa 2017. Nyingi ya hizo za mwanzo zilidai ada mkononi, maelfu ya dola, kwa hiyo asiye na akiba alibaki nje ya mlango.

Lambda School, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Austen Allred pamoja na Ben Nelson, ilikuja na jambo jingine. Mwanafunzi alisoma kwa intaneti bila kulipa chochote. Akimaliza na kupata kazi yenye mshahara wa dola 50,000 au zaidi kwa mwaka, alitoa asilimia 17 ya mshahara wake kwa muda wa miaka miwili, na jumla isizidi dola 30,000. Asipofikia kiwango hicho hakutoa kitu. Tupige hesabu: mwenye dola 50,000 alilipa 8,500 kwa mwaka, yaani 17,000 kwa miaka miwili. Mwenye 90,000 aliufikia ukomo. Wawekezaji waliimiminia shule fedha, na magazeti yakaiandika kana kwamba tatizo la ada za vyuo limepata dawa.

Tuseme wazi kwamba wazo lenyewe hatulichukii. Darasani kwetu wapo walioliita utumwa mara tu walipolisikia, nasi hatukubaliani nao. Mtumwa hapewi kiwango cha chini wala tarehe ya mwisho. Ahadi ya Lambda ilikuwa na kitu ambacho ada ya kawaida haina: mwalimu anakula pale tu mwanafunzi anapokula. Chuo kinachochukua ada Septemba hakipotezi kitu mhitimu wake akikaa kijiweni miaka mitano.

Hapa Mtakatifu Thoma wa Akwino alitufaa kuliko tulivyotazamia. Katika Summa Theologiae, anapojadili riba, anatofautisha mtu anayekopesha fedha na mtu anayeikabidhi fedha yake kwa fundi au mfanyabiashara kama mshirika. Mkopeshaji huhamisha umiliki, na kuanzia hapo hatari yote ni ya mkopaji, kwa hiyo hana haki ya kudai zaidi ya alichotoa. Mshirika haachii umiliki. Mali ikizama baharini imezama yake pia, na kwa sababu hiyo anaruhusiwa kudai sehemu ya faida. Kinachohalalisha mgawo, basi, ni kubaki ndani ya hatari. Jina lililoandikwa juu ya karatasi halihalalishi kitu.

Kwa kipimo hicho, Lambda ilikuwa mshirika au mkopeshaji?

Jibu lilikuja Aprili 2024 kutoka kwa ofisi ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha. Kwa wakati huo shule ilikuwa imekwisha kubadili jina, tangu 2021, na kuitwa BloomTech. Ofisi ilieleza kwamba mikataba ile, ambayo shule iliwaambia wanafunzi kuwa si mkopo na haina hatari, ilikuwa mikopo kamili. Kwa wastani kila mmoja ulibeba gharama ya takriban dola 4,000 ambayo mwanafunzi hakuonyeshwa. Kukosa rejesho moja tu kuliweza kuhesabiwa kuwa amevunja mkataba, na salio lote hadi kufikia zile dola 30,000 likadaiwa papo hapo. Wazee wetu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawa walikopa bila hata kuambiwa kwamba wamekopa.

Lakini lililotukamata zaidi ni hili: mikataba mingi iliuzwa kwa wawekezaji. Shule ilipokea kati ya dola 7,000 na 10,000 kwa kila mmoja, huku ikiendelea kutangaza kwamba hailipwi mpaka mwanafunzi apate kazi.

Mwenzetu mmoja, mtu wa mantiki, alitubana hapo. Alisema hatari haikutoweka, imehamia tu kwa mwekezaji, na mwekezaji naye ni mtu. Kwa nini tulalamike? Tulikaa na hoja yake jioni nzima. Ni kweli hatari ilihama. Ila ilimwacha yule anayefundisha ikaenda kwa yule asiyefundisha. Mwekezaji haandai somo, hasahihishi zoezi, hampigii mwajiri simu. Mwalimu ndiye aliyeahidi kulala njaa pamoja na mwanafunzi, na mkataba ulipouzwa alikuwa amekwisha kushiba. Ushirika uliishia pale, na mwanafunzi hakujulishwa.

Kuhusu takwimu hatutasema mengi, kwa kuwa zinajieleza. Matangazo yalisema kati ya asilimia 71 na 86 ya wahitimu walipata kazi. Kwa mujibu wa ofisi ile, hesabu za ndani zilikaribia asilimia 50, na kwa baadhi ya makundi zilishuka hadi 30. Allred alipata kuandika hadharani kwamba kundi moja limeajiriwa kwa asilimia 100; baadaye, katika ujumbe wa faragha, akakiri kwamba hesabu ile ilikuwa ya mwanafunzi mmoja. Tulicheka tuliposoma, kisha tukanyamaza. Wapo walioacha kazi zao kwa kuamini tarakimu kama hizo.

Amri ilikubaliwa bila kesi kusikilizwa. Shule ilipigwa marufuku kabisa kutoa mikopo kwa watumiaji, mwanzilishi wake akazuiwa kujihusisha na mikopo ya wanafunzi kwa miaka 10, na faini za wote wawili zikafika kama dola 164,000. Waliomaliza masomo na hawakupata kazi inayostahili, shule iliamriwa iache kuwadai. Kwa mikataba zaidi ya 11,000 iliyotolewa tangu mwanzo, faini hiyo tunaiona ndogo mno.

Kijana wetu hatujamwambia asaini wala asisaini. Shule iliyomwandikia ni nyingine kabisa, na hatuna haki ya kuihukumu kwa makosa ya Lambda. Tumemtuma awaulize mambo matatu: mshahara wa kiwango gani unaanza kukatwa, akikosa mwezi mmoja kinatokea nini, na kama mkataba unaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Mawili ya kwanza walimjibu siku ileile. Kwa la tatu walimwelekeza asome ukurasa wa saba, kifungu chenye herufi ndogo kuliko zote, na Jumamosi ijayo tutaketi naye chini ya mwembe wa parokia tukisome pamoja.