Reale za Maaskofu wa Salzburg

Wapo wenzetu wakusanyao sarafu za kale ambao wakisha kujaza kasha reale za Maria Theresa huona wamemaliza kazi. Wakioneshwa reale za Salzburg huzirudisha upesi: "Hizo za kanisa, zina sanamu!" Mimi naona hapo wanajinyima elimu.

Salzburg, mji ulioko Austria hii leo, ulikuwa dola mbali hadi mwaka 1803, na mtawala wake alikuwa Askofu Mkuu. Yeye ndiye mkuu wa dini, ndiye mtoza kodi, na sarafu hupigwa kwa jina lake. Itazame reale ya Paris Lodron, aliyetawala tangu 1619 hata 1653. Ni fedha ya uzito upatao gramu 28. Upande mmoja yupo Bibi Maryamu na mwanawe, juu ya ngao ya askofu. Upande wa pili ameketi Mtakatifu Rupert, ana fimbo ya uaskofu na pipa. Pipa la nini? La chumvi! Chumvi ndiyo iliyoutajirisha mji ule, na hata jina lake maana yake ni ngome ya chumvi. Dini na biashara zilikula sahani moja, na sarafu haifichi.

Miaka hiyo nchi za Wajerumani zilikuwa zikiungua kwa Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Lodron aliuepusha mji wake na vita, akaanzisha chuo kikuu mwaka 1622, na kanisa kuu lilipofunguliwa mwaka 1628 akapiga reale za ukumbusho, zioneshazo maaskofu wamebeba sanduku la masalio.

Ama hilo la sanamu, Waislamu wa mwanzo waliuza na kununua kwa dinari za Warumi na dirhamu za Waajemi, zenye nyuso za wafalme, mpaka Khalifa Abdul Malik bin Marwan alipotoa dinari yenye maandishi matupu mwaka 77 Hijria. Kutazama si kuabudu.

Kiniudhicho mimi ni wale wanaozitoboa wazifanye vidani, au kuzisugua kwa majivu na ndimu hata zikametameta. Herufi zikisha kulika, mnunuzi ajuaye hukupa bei ya fedha ya kuyeyusha tu. Ukiipata, iache na weusi wake, ishike kwa ukingo, na uipime kwa mizani kabla hujatoa pesa, maana za bandia zilizomiminwa ziko, na herufi zake ni butu.