Lancia yako usimpe dalali

Lancia Delta ilibeba Safari Rally mara tatu: 1988, 1989 na 1991. Ukiwa nayo leo Tanga, tena imetunzwa, dalali wa Ngamiani ataipigia bei ya Subaru chakavu, maana usukani uko kushoto na mafundi wengi hawajawahi kuifungua. Mtafute mwenzako wa rally. Huyo haanzi na rangi, anaanza na mkanda wa injini: ulibadilishwa lini? Vipuri vya akiba vipo? Muinulie gari achungulie chini, kwani upepo wa chumvi wa Raskazone hauna huruma na bati. Kutu ikionekana, punguza bei hapo hapo. Ila akikutisha kwamba ataagiza nje, tulia. Gari lililozidi miaka 10 linapigwa ushuru wa uchakavu bandarini, na yako ilishalipiwa.