Kusubu Si Kazi ya Wajinga

Iko dharau moja katika shule zetu ambayo yafaa ipigwe vita bila huruma. Ni ile ya kudhani kwamba akili hukaa kichwani tu, na mikono ni watumwa wake. Mwanafunzi aandikaye kwamba alumini huyeyuka katika joto la digrii 660 hupewa alama na sifa. Fundi aiyeyushaye kila siku penye jua kali huitwa mtu asiyesoma. Je, nani kati yao aijua alumini?

Tazameni Remba, kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay. Nyumba za mabati zimebanana, na wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania hukutana huko kwa ajili ya mbuta na omena. Kila kitu cha kiwandani hufika kwa mashua. Kishikio kikikatika, au gurudumu dogo la kamba likipasuka, mwenye chombo hana budi kungoja na kununua, huku sufuria zilizotoboka zikiuzwa kwa kilo kama takataka. Nayo alumini kuukuu huyeyushwa kwa kiasi cha asilimia 5 tu ya nguvu itumikayo kuitoa katika mawe yake!

Dawa ni kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu. Wala kazi hiyo haina uchawi. Jasi ni jiwe laini. Likichomwa kwa kiasi hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake, nalo likisagwa huwa unga mweupe wa plasta, ndugu wa ule ufungao mifupa iliyovunjika hospitalini. Unga huo ukikorogwa kwa maji na kumiminwa juu ya kiolezo, hushika kila mkunjo wake kwa dakika chache. Kiolezo hutolewa, kalibu hukaushwa kwa moto, kisha alumini humiminwa. Kwa kuwa plasta hunyonya joto polepole, madini hufika hata katika pembe nyembamba kabla ya kuganda.

Watakuja wapinzani. Wa kwanza atasema kwamba mchanga ni rahisi zaidi, na kalibu ya plasta huvunjwa kila mara. Kweli, basi mchanga utumike kwa vitu vinene, na plasta kwa vile vyembamba vitakavyo usahihi. Wa pili atasema kwamba rafadha iliyosubiwa kisiwani yaweza kuvunjika katikati ya dhoruba. Kweli tena, mwenye busara haanzi kujifunza kwa kitu kibebacho roho za watu. Tuanze na vishikio, vifuniko na magurudumu ya kamba.

Wa tatu atasema kwamba kazi hii ni ya hatari. Naam, na hatari hiyo ndiyo hoja yangu kubwa. Maji yaliyobaki katika kalibu hugeuka mvuke ghafula, na mvuke huirusha alumini ya moto usoni mwa fundi. Chuma nacho hakifai kumiminwa humo, maana joto lake, lipitalo digrii 1,100, huiharibu plasta. Mambo haya hufundishwa katika kemia. Lakini aliyesoma kemia hasogei penye tanuri, na aliye penye tanuri hakufundishwa kemia. Hivyo macho ya mafundi hulipa gharama ya kiburi cha wasomi.

Wala ufundi si mgeni kwetu. Wasamia, kando ya ziwa hili hili, waliyeyusha chuma na kufua majembe. Huko Katanga shaba ilisubiwa katika kalibu kwa umbo la misalaba, nayo ikatumika kama fedha kabla ya utawala wa Wazungu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1985 Kenya iliingiza ufundi madarasani kwa mtaala wa 8-4-4, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana. Maneno yalikuwa mema; mikono ikabaki mitupu.

Vijana, msingoje tangazo jingine. Mwendeeni fundi kwa adabu, mkambeba elimu yenu, mkamwombe yake. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa; na asomaye huku ameshika mpini hatakuwa mnunuzi wa vitu vya watu milele.