Riadha isifungiwe ndani ya king'amuzi

Mhariri,

Bonasi yangu ya majani chai ilipopungua, niliacha kulipia king'amuzi kila mwezi. Nilijua nitakosa sinema na ligi za Ulaya. Sikujua kwamba mbio nyingi za wanariadha wetu nazo zingeondoka. Sasa wakikimbia ughaibuni, tunabanana kwenye kibanda kimoja sokoni, na watoto wanabaki nje.

Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, Tokyo 1964. Beatrice Chebet, naye binti wa Kericho, alitwaa dhahabu mbili Paris 2024, katika mita 5,000 na 10,000. Watoto wanaokimbia kwenda shule kando ya mashamba haya ya chai wanastahili kuwaona dada na kaka zao wakishinda.

Uingereza ina sheria inayolinda Olimpiki na Kombe la Dunia ili watazamaji wasilazimike kulipia kifurushi. Naliomba Bunge letu litunge sheria kama hiyo, na iitaje riadha waziwazi. Mbio zilizozaliwa kwenye vilima vyetu tusiuziwe kwa bei tusiyoimudu.

Mkulima wa chai,
Litein, Kericho