Obokano Isiishie Madaftarini

Wapo wanaodai kwamba roki ni muziki wa kigeni usiopatana na jadi zetu. Historia ya bendi ya Extra Golden inalikanusha dai hilo. Bendi hii iliundwa Nairobi mwaka 2004, pale Ian Eagleson, mwanafunzi wa uzamifu kutoka Marekani aliyekuwa akiitafiti benga, alipoungana na Alex Minoff pamoja na mwanamuziki Otieno Jagwasi. Gitaa la roki likakutana na gitaa la benga, ambalo upigaji wake umechota mengi kutoka nyatiti ya Waluo. Jagwasi alifariki mwaka 2005, kabla ya albamu yao ya kwanza kutoka mwaka 2006. Hata hivyo, bendi haikuzikwa naye: wanabenga wengine walijiunga, na albamu nyingine zikafuata mwaka 2007 na 2009.

Kisii na Nyamira tunayo obokano, ala ya nyuzi nane kama nyatiti, ila ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito. Je, sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumeifanyia nini? Tunaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunaisahau. Grandmaster Masese ameipiga sambamba na ushairi wa leo. Njia basi imekwisha kufunguliwa. Utafiti wetu hauna budi kuwafikia wapigaji walio hai, kuwarekodi na kuwakutanisha na vijana wa gitaa. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha nao sharti utandikwe.