Kamera ya lori: Usinunue picha nzuri, nunua ushahidi

KAMERA ndogo zinazofungwa kwenye kioo cha mbele cha gari sasa zinauzwa hata Kariakoo, na baadhi ya wenye malori ya kusomba mazao wameanza kuzinunua. Wengi huuliza kama picha yake ni safi. Swali la kibiashara ni jingine: je, picha hiyo itakuwepo siku itakapohitajika?

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyepakia matenga 200 ya nyanya Ilula, mkoani Iringa, kupeleka Dar es Salaam. Kwa Sh30,000 kila tenga, mzigo wake una thamani ya Sh6 milioni. Usiku, kwenye kona za Kitonga, lori linagongana na basi. Dereva wa lori anasema basi lilimfuata upande wake, na wa basi anasema mwenzake alisinzia. Bima ya mtu wa tatu aliyokata mwenye lori haifidii nyanya zilizomo ndani ya lori hilo. Kama mfanyabiashara hakukata bima ya mzigo, tumaini lake ni kuthibitisha kuwa kosa ni la basi. Hapo kamera ya Sh250,000, yaani thamani ya matenga manane hivi, inaweza kuokoa mtaji.

Lakini si kila kamera itafanya kazi hiyo. Jambo la kwanza ni joto. Gari likiegeshwa juani, joto karibu na kioo laweza kupita nyuzi 60, na betri ya kamera huvimba na kufa. Tafuta kamera inayotumia kapasita badala ya betri.

La pili ni umeme. Fuso na Canter nyingi hutumia umeme wa volti 24, wakati pikapu hutumia volti 12. Hakikisha chaja yake inakubali zote mbili.

La tatu, na ndilo wengi hulipuuza, ni kadi ya kumbukumbu. Kamera hizi zikijaza kadi hufuta picha za zamani na kuanza upya. Kamera ya kiwango cha 1080 hutumia takriban gigabaiti sita kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba saa tano tu. Ikigundulika asubuhi katika soko la Ilala kwamba matenga 15 hayapo, picha za mahali lori liliposimama usiku zimekwishafutwa. Nunua kadi ya gigabaiti 128, ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo. Picha za 4K hujaza kadi haraka zaidi, kwa hiyo usizikimbilie.

La nne ni barabara zetu. Kamera hizi zina kihisio kinachofunga picha isifutwe gari linapotikiswa. Kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo kila mtikisiko huhesabiwa kama ajali, na kadi hujaa picha zisizo na maana. Punguza ukali wa kihisio hicho.

Kuhusu mahakama, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii, lakini huangaliwa pia jinsi ulivyotunzwa. Baada ya tukio chomoa kadi, ihifadhi, na usikate wala kuunganisha picha. Kama kamera inamtazama dereva pia, mweleze mapema. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wafanyabiashara wengi hawana malori, hukodi. Kwao ushauri ni huu: kabla ya kupakia, muulize mwenye lori kama kamera inafanya kazi, kadi ina ukubwa gani, na mwandikishane kuwa utapewa nakala mzigo ukipata dosari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kamera ni daftari la safari, nalo lina faida pale tu kurasa zake hazijafutwa.